Mbaraka bila spika

Gitaa kavu, lile ambalo wakongwe wa dansi wanaliita galatoni, humsumbua sana mtu aliyejifunza solo kwa kusikiliza santuri. Kwenye gitaa la umeme noti inaning'inia, na mpigaji anapata nafasi ya kuwaza inayofuata. Kwenye galatoni inafifia mara moja, na ukisema uupige uzi kwa nguvu zaidi, unagonga freti na kulia kama bati. Wengi huishia kutafuta spika. Kwa maoni yangu wangeanza na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, maana dawa ya tatizo hili imo humo humo, japo yeye mwenyewe alipiga gitaa la umeme.

Mbaraka, mzaliwa wa 1944 ambaye ukoo wake unatokea Mzenga, Kisarawe, aliingia bendi ya Morogoro Jazz mwaka 1965, akaenda nayo Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973 na kufariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Lililo muhimu kwa uchambuzi huu ni kwamba aliimba na kupiga solo yeye mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hana anasa ya kutandaza solo ndefu juu ya sauti yake. Anamaliza mstari, anachomeka kipande kifupi, anarudi kuimba. Wakati wa kucheza ukifika, vipande vile vile ndivyo vinavyorudiwa na kupinduliwa. Solo ya vipande vifupi haidai noti ining'inie, kwa hiyo inahamia kwenye galatoni bila kupoteza kitu.

Linganisha na Muhidin Gurumo, naye wa Kisarawe, mzaliwa wa Masaki. Kuanzia NUTA Jazz mwaka 1964 hadi Mlimani Park mwaka 1978, yeye alikuwa mwimbaji. Magitaa yalikuwa ya wengine. Mlimani Park ilikuwa na solo, second solo, rizimu na besi, juu yake matarumbeta na saksafoni. Ni muziki mtamu kuliko ule wa Mbaraka, nasema hivyo bila woga, lakini solo yake imesukwa ndani ya second solo. Ukimwondoa mmoja, mwingine anabaki uchi. Kundi dogo, tuseme la watu wanne, lisianzie huko.

Maili Moja, Kibaha, nimewasikiliza vijana wanne walioielewa kazi hii: magitaa mawili ya galatoni, la tatu linalopigwa nyuzi nene tu kwa dole gumba badala ya besi, na tumba moja. Mpiga rizimu amechomeka kipande cha sponji ya godoro chini ya nyuzi, karibu na daraja. Mkwaruzo wake unakuwa mfupi na mkavu, unakaribia sauti ya ngoma, na katikati ya mapigo panabaki uwazi. Yeye hapandi zaidi ya freti ya 3. Mpiga solo anaishi kati ya freti ya 5 na ya 12, sehemu ambayo hakuna mwenzake anayeigusa, na ndiyo maana anasikika bila kutumia nguvu.

Mara nyingi anapiga nyuzi mbili kwa pamoja, wa kwanza na wa pili, melodia na sauti ya tatu yake. Nyuzi mbili zinajaza masikio kuliko mmoja, na zinakumbusha waimbaji wawili wanaoitikia kibwagizo. Anaanza na kibwagizo kama kilivyo. Mzunguko wa pili anabadilisha mwisho tu, wa tatu anabadilisha mwanzo. Akitaka noti ndefu, anaitetemesha kwa piki, juu chini harakaharaka, mpaka anapoamua kuiacha.

Mpiga gitaa wa jazz Django Reinhardt alikabiliwa na shida hiyo hiyo ya noti inayofifia Paris mwaka 1934, katika kundi la fidla, magitaa matatu na besi, bila drams. Moto wa mwaka 1928 ulikuwa umemwachia vidole viwili tu vya kutegemea kwenye solo, na alipotaka kupanda alihamia kwenye okteva na kodi nzima badala ya kurefusha noti. Tofauti iko nyuma yake: magitaa mawili yalisukuma kila pigo. Kwenye dansi letu tumba tayari inafanya kazi hiyo, na rizimu ikiiga staili ya Paris inaifunika.

Walichobakiza vijana wa Maili Moja ni kutoka kwenye solo. Mpiga rizimu anasubiri hadi noti ya mwisho ndipo afungue kiganja kinachobana nyuzi, na kwa pigo zima wimbo unazama. Afungue mapigo mawili kabla, wakati mwenzake bado anashuka kuelekea freti ya 5, na mwimbaji ataingia juu ya sauti iliyokwisha kujaa.