Juu ya Matamshi ya Kijapani Katika Kinywa cha Mswahili

Umeenea usemi miongoni mwa vijana wetu wanaojifunza Kijapani, na hata miongoni mwa baadhi ya wale wawafundishao, kwamba lugha hiyo ni nyepesi kwa Mswahili kuitamka, kwa kuwa irabu zake ni tano kama zetu, na silabi zake, kama zetu, hukoma kwa irabu. Usemi huu si uongo mtupu. Ungalikuwa uongo mtupu usingalidhuru sana, maana mwanafunzi angaliugundua siku ya kwanza. Ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli humfuata mtu miaka mingi kabla hajaishtukia. Ningependa katika kurasa hizi kuuhakiki usemi huo, na pamoja nao ile njia ya kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini ambayo ndiyo iliyouzaa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni daftari moja nililoonyeshwa Magindu, huko Kibaha, nilipokwenda kuwaona jamaa zangu. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa amejaza kurasa sitini za maneno ya Kijapani, yote kwa herufi za Kilatini, safi kabisa. Alikuwa akitafuta nafasi ya kwenda kusomea ufundi, na alikwisha kuzungumza mara moja kwa simu na watu wa huko. Mazungumzo yakakatika kwa sababu hakuna aliyemwelewa. Nikamwomba anisomee. Akanisomea ukurasa mzima kwa sauti kubwa bila kusitasita, nami niliyeishi katika nchi ile miaka sita nikashindwa kutambua hata nusu ya maneno pasipo kulitazama daftari. Nilipomwambia hivyo akanijibu kwa adabu, "Mjomba, mimi nasoma kama ilivyoandikwa."

Jibu hilo ni la haki, nalo ndilo linalotupasa kulichunguza. Kwani aliyeandika ni nani, naye alimwandikia nani?

Daktari James Curtis Hepburn, mmisionari Mmarekani, alitoa kamusi yake ya Kijapani na Kiingereza mwaka 1867. Na maendelezo yaliyotumika katika chapa yake ya tatu, ya 1886, ndiyo yanayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Kanuni yake ilikuwa kwamba konsonanti zisomwe kama za Kiingereza na irabu kama za Kitaliani. Sasa msomaji akumbuke kwamba miaka mitatu tu baada ya kamusi ile, mwaka 1870, Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, naye akaifuata kanuni ile ile. Hivyo sh yetu na sh yao, ch yetu na ch yao, j, y na w, zote zimepita katika mlango mmoja. Wageni wawili waliosema lugha moja walizivika lugha mbili zisizo na udugu kanzu ya namna moja, nasi tukitazama kanzu twadhani tumeonana na ndugu. Sisemi kwamba Hepburn alikosea. Maendelezo yale mengine yaliyotangazwa na serikali ya Japani mwaka 1937, na tena mwaka 1954, yangalimpoteza mpwa wangu zaidi, kwa kuwa huandika *tu* mahali pa *tsu* na *hu* mahali pa *fu*. Nasema tu kwamba Hepburn hakumwandikia Mkwere.

Tulianze jina la Magindu lenyewe. Kwetu lina silabi tatu, ma-gi-ndu, na mkazo uko juu ya gi. Mjapani akilisikia huhesabu mapigo manne: ma-gi-n-du. Ile n ambayo sisi huigandisha na d ikawa sauti moja, yeye huitenga na kuipa muda wake kamili, sawa na muda wa ma. (Hiyo du nayo humsumbua, maana haimo katika sauti zake za asili, lakini huo ni mzigo wake, si wetu.) Hapa ndipo ulipo mzizi wa taabu. Kipimo cha Kijapani si silabi bali pigo, ambalo wao huliita *haku*. *Honda*, jina linalojulikana kila kijiji chenye pikipiki, ni ho-nda kwetu, silabi mbili. Kwao ni ho-n-da, mapigo matatu. *Nissan* sisi twaiita Nisani. Wao husema ni-s-sa-n, mapigo manne, na la pili ni s yenyewe ikivutwa, ulimi umeshikwa mahali pa s na pumzi inaendelea kupita.

Basi Mswahili hana n ya namna hiyo? Anayo, wala haijui. Katika *mtu*, *mke*, *nne* na *mmoja*, m na n zimesimama peke yake pasipo irabu, na kila moja ina silabi yake. Tofauti ya *mbuzi* na *mbuyu* huifahamu kila mtoto: katika lile la kwanza m imeungana na b, katika lile la pili imejitenga. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wetu "tamkeni n" hajawaambia lolote. Awaambie waichukue n ya *nne* na waiache ile ya *ndugu*, na nusu ya kazi imekwisha.

Hepburn hapa anatutega mtego mwingine. Ili kuonyesha kwamba n imejitenga na irabu au na y inayofuata, maendelezo yake hutia alama ya ritifaa: *kin'en* ni katazo la kuvuta sigara, na *kinen* ni kumbukumbu, *hon'ya* ni duka la vitabu. Lakini kwetu ritifaa ni alama ya *ng'ombe*. Mpwa wangu alikuwa akisoma *hon'ya* mara kama "hong'a", mara kama "honya", na hakuna duka lililofunguka kwa neno lolote kati ya hayo. Nikamwandikia ho-n-ya. Alipokutana na *kon'yaku*, yaani uchumba, na *konnyaku*, ambacho ni chakula kama utelezi mgumu kitokanacho na aina ya kiazi, alicheka sana akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuposa kiazi. Sauti ya ng' yenyewe, kwa upande mwingine, ni faida ambayo wanafunzi wa Ulaya hawana: wazee wa Tokyo husema *kang'i* kwa neno liandikwalo *kagi*, yaani ufunguo, ingawa vijana wao waiacha.

Nafika sasa penye jambo ambalo kwa maoni yangu walimu wamelipuuza bure. Kijana huyu alisoma chuoni kwa Maalim tangu utotoni, kama watoto wengi wa Pwani, na amehitimu Kurani kwa tajwidi. Maana yake ni kwamba alikwisha kufundishwa, na kwa ukali, namna ya kutamka lugha ngeni kwa kipimo cha muda. Anajua madda, kwamba irabu huvutwa haraka mbili, nne au sita, na kwamba kuikatisha ni kosa. Anajua shadda, kwamba herufi hushikwa kisha ikaachiliwa, na kwamba *rabbi* si *rabi*. Kiswahili chetu kimeitupa shadda katika maneno tuliyokopa, hata *haki* haina tena k mbili. Lakini kinywa cha mwanachuoni hakikuisahau. Zaidi ya hayo, anajua hukumu za nuni sakini: kwamba n mbele ya b hugeuka m, na huvutwa puani kwa kipimo. Basi n ya Kijapani hufanya hivyo hivyo. *Shinbun*, gazeti, husikika *shimbun*. *Tenki*, hali ya hewa, n yake huwa kama ng' mbele ya k. Nayo kila mara hushika pigo lake kamili. Nilipomwambia, "*Kitte*, yaani stempu, ina shadda juu ya t, *kite*, yaani njoo, haina," alitamka yote mawili sawasawa papo hapo, baada ya miezi minane ya kukosea. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba fedha aliyokuwa akikopa ilikuwa mfukoni mwake.

Yapasa nitahadharishe, maana nisije nikaleta usemi mwingine wa nusu ya kweli. Tajwidi ni sanaa ya kusoma kwa mahadhi, nayo hukuza urefu wa sauti kuliko mazungumzo yanavyohitaji. Madda ya haraka sita haina kazi sokoni Osaka. Tena si kila mwanafunzi wetu amepitia chuoni.

Urefu wa irabu wahitaji maneno machache zaidi. Twajisifu kwamba tunao, na kweli tunao: *kufa* si *kufaa*, *kata* si *kataa*. Lakini tazama kwamba katika maneno hayo mkazo nao umehama. Irabu ndefu ikikaa mbali na mkazo, sisi huifupisha bila kujua. Ndiyo sababu wengi wetu husema *mandazi* kwa *maandazi*. Mjapani hana ruhusa hiyo. Tokyo ni to-o-kyo-o, na Osaka ni o-o-sa-ka, na Hepburn huonyesha urefu huo kwa kistari juu ya herufi, ambacho wapiga chapa na wanafunzi hukiacha. Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa kwanza huko, nilimwita mama mmoja aliyenikaribisha nyumbani kwake *obaasan* badala ya *obasan*. La pili ni shangazi, au mama yeyote wa makamo. La kwanza ni bibi mzee. Hakuwa amefika miaka hamsini. Kwetu Pwani kumpa mtu ubibi kabla ya wakati wake ni heshima, hata mtoto mchanga huitwa bibi akipewa jina la nyanya yake. Kule chai ilinyweka kimya.

Kuna kosa jingine lililofichika zaidi, nami sijaliona likitajwa na wanaowafundisha Waswahili. B, d, j na g zetu katika *baba*, *dada*, *jaa* na *gogo* hutamkwa kwa koo kushuka na hewa kuvutwa kidogo ndani. Sikio letu halilisikii jambo hilo kwa kuwa ndilo tulilozaliwa nalo. Za Kijapani hazivutwi. Mswahili akisema *daijōbu*, yaani haidhuru, kwa d na b za kwetu, husikika mzito kama mtu anayemeza. Dawa yake imo humu humu lughani: zikitanguliwa na n au m, sauti hizo hukoma kuvutwa. Mwanafunzi aseme *mbuzi* na *ndugu*, kisha aiondoe ile m na n kimyakimya, akabaki na b na d atakazozitumia. Ni zoezi la siku tatu.

Juu ya r na l sina mengi. Kijapani kina sauti moja tu mahali hapo, ulimi ukigusa ufizi mara moja, nayo yakaribia sana r yetu ya *hara* au *kera*. Mzee wa Magindu anayejiita Mkwele, na jirani yake Mzalamo, waliochapwa shuleni kwa kuchanganya r na l, Tokyo wasingaliharibu maana ya neno hata moja. F yao katika *Fuji* haigusi meno, bali hupulizwa midomoni kama mtu apozaye uji. Ts ni ngeni kwetu, lakini Mgiriama aliye na neno *tsi* kwa nchi hawezi kuona taabu.

Lililo gumu kuliko yote ni kupanda na kushuka kwa sauti. Neno *hashi* kwa lafudhi ya Tokyo, likianzia juu, ni vijiti vya kulia. Likipanda mwishoni kisha likashuka katika neno linalofuata, ni daraja. Lisiposhuka, ni ukingo. Huko Osaka daraja na vijiti hubadilishana mahali. Sisi tumezoea mkazo usio na hiari, silabi ya pili kutoka mwisho, na tofauti kama ile ya *barabára* ipitayo magari na *barábara* ya kusema sawasawa ni chache mno kutufunza lolote. Mwanafunzi wetu huikaza kila *hashi* mwanzoni, hivyo Tokyo hula kwa vijiti vizuri na hushindwa kuvuka mto. Hapa Msukuma, Mhaya na Mchaga, ambao lugha zao zatofautisha maneno kwa toni, wana sikio ambalo Mswahili wa Pwani amelipoteza. Na wafugaji wa Kimasai waishio jirani na Magindu hali kadhalika. Ningependa kuona darasa moja la Kijapani hapa nchini likiwapanga wanafunzi kwa kuangalia lugha zao za nyumbani. Sijaliona.

Wajapani, kwa upande wao, wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1964, mwaka ule ule ambao Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilianzishwa Dar es Salaam, walianzisha Tokyo chuo cha kuchunguza lugha za Asia na Afrika. Na tangu 1967 vijana wao wa kujitolea wamekuja Tanzania, wakifunzwa Kiswahili na kuambiwa waziwazi kwamba *mtu* si "mutsu". Sisi twawapelekea vijana wetu na daftari.

Nilikaa Magindu siku tisa. Kila jioni tulihesabu mapigo kwa vidole, na nyanya yake akasema kwamba twacheza bao bila bao. Alipoondoka kunisindikiza alikuwa na *Honda* ya vidole vitatu na *Nissan* ya vinne. Neno *suki*, kupenda, bado linamshinda, kwa sababu ile u ya kwanza hunong'onwa tu na pigo lake hubaki; yeye ama huitamka wazi ama huifuta na pigo lake. Nimemwambia aitamke kama mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Mazungumzo yake ya pili kwa simu ni mwezi ujao.