Miguu Mitatu

Fundo la wavu lina miguu minne. Miwili inapanda, miwili inashuka, na kila mguu unakwenda kulishika fundo la jirani. Nililijua hilo nikiwa na miaka sitini na tatu, mimi niliyezaliwa Kalemie na kula samaki wa Ziwa Tanganyika tangu nilipoota meno.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka yote niliamka kwa ajili ya kengele, na kengele ilipokoma, mwili uliendelea kuamka. Saa kumi na moja alfajiri macho yako wazi, chai imeshanywewa, uwanja umeshafagiwa na wenye nguvu zao, na siku nzima imekaa mbele yako haina pa kushikwa. Waliostaafu wanalijua jambo hili hata kama hawalisemi. Mke wangu ana cherehani yake na vipande vya vitenge. Mikono yake haijawahi kukosa kazi. Yangu ilizoea chaki. Siku moja akanituma nimpelekee kaka yake bukari na ndagala, na nadhani alijua anachofanya, maana kesho yake alinituma tena.

Kaka yake, shemeji yangu, alivua tangu ujana hadi magoti yalipokataa kupanda bwato. Sasa anakaa chini ya mwembe nyuma ya ufuo, gunia limetandikwa, wavu umemfunika miguu, anashona nyavu za wengine.

“Shemeji, usisimame kama mgeni. Shika huku, uvute kidogo.”

Nikashika. Ndiyo kazi ya kwanza katika ufundi huu: kuwa mti wa kutundikia wavu.

Ndagala huvuliwa gizani. Mitumbwi hutoka jioni na taa zake, zamani karabai za mafuta, leo taa za betri na za sola, na mwanga huwaita samaki wadogo wapande kutoka kilindini. Mbalamwezi ikitanda, taa haina nguvu tena, samaki hutawanyika, na wavuvi hulala nyumbani siku kadhaa. Siku hizo ndizo zetu. Nyavu hutandazwa mchangani, wenyewe huzipitia hatua kwa hatua, na palipo na tundu hufunga kipande cha kitambaa ili tupaone. Tangu nianze kazi hii najua umri wa mwezi bila kuinua kichwa. Kuna pia pumziko refu zaidi: nchi nne zinazoligawana ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana uvuvi ufungwe miezi mitatu wakati wa kipwa, yaani kiangazi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Ni miezi ya njaa kwa nyumba nyingi, na sitaki kulipita hilo haraka. Mwenye wavu hana cha kumlipa mshonaji, mshonaji hana cha kumdai. Nyavu zinaletwa hata hivyo. Deni linaandikwa kichwani.

Wavu wa ndagala wenyewe una macho madogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Huo hutiwa kiraka na kushonwa kama nguo. Ufundi ninaousifu ni wa wavu wa macho makubwa, unaotegwa kwa mikebuka, kuhe na sangala, ambao tundu lake hujengwa upya jicho kwa jicho.

Sindano yake si ile ya mke wangu. Ni kijiti bapa cha urefu wa mkono mmoja wa mtoto, kuanzia kiwiko hadi kiganja, ncha imechongoka, tumboni kina ulimi, mkiani kina uma. Uzi huzungushwa kwenye ulimi, hushuka hadi mkiani, sindano hugeuzwa, uzi hupanda tena upande wa pili. Pamoja nayo kuna kibao cha kipimo, kipande cha mti kilicholainishwa ambacho upana wake ndio unaoamua ukubwa wa jicho. Shemeji ana vibao vitano, na hasemi sentimita. Anasema cha vidole viwili, cha vidole vitatu.

Wiki ya kwanza nilipewa tundu dogo, kama la ngumi. Nikafanya anavyofanya mtu yeyote asiyejua: nikavuta kingo zikutane, nikazifunga. Tundu likapotea, nami nikafurahi. Shemeji hakusema neno. Aliunyanyua wavu kwenye mwanga nikaona mwenyewe. Pale nilipofunga, macho yote ya jirani yalikuwa yamekunjamana, mengine yamebanwa hadi kuwa mistari. Wavu wa namna hiyo haukai wima majini. Unajikunja, na uzito wote unakwenda kuliangukia fundo moja.

“Hapa patakatika tena,” alisema, “na tundu litakalokuja litakuwa kubwa kuliko hili.”

Kisha akatoa wembe mfukoni, akakata nilichofunga, na akaendelea kukata. Moyo ulinipiga. Tundu la ngumi likawa la kichwa, likawa la sinia. Nilidhani amekasirika. Hakuwa amekasirika, alikuwa anatafuta.

Wavu hauraruki kwa utaratibu. Mamba, jiwe au kisiki kikishaupitia, mafundo ya ukingoni hubaki kila moja na hali yake: jingine lina miguu miwili, jingine mmoja tu unaoning'inia. Fundo la mguu mmoja halishiki kitu, lazima liondoke. Unakata mpaka ukingo wote ubaki na mafundo ya miguu miwili, isipokuwa mahali pawili, juu na chini, ambapo unaacha fundo la miguu mitatu. Unafunga uzi kwenye miguu mitatu ya juu. Unakwenda upande mmoja, unarudi, unashuka safu kwa safu ukiyaokota mafundo ya kingoni, na kama ulikata sawasawa, jicho la mwisho linakufikisha kwenye miguu mitatu ya chini. Uzi mmoja, haujakatwa popote. Kama ulikosea wakati wa kukata, utafika chini na mguu wa ziada mkononi, na hakuna ujanja wa sindano utakaouficha.

Kwa hiyo kazi iko kwenye wembe. Sindano shemeji humpa yeyote, hata watoto wanaopita kutoka kuogelea. Wembe unakaa mfuko wa shati, umefungwa kwenye karatasi. Mimi nilishona miezi mitano kabla ya kupewa wembe huo, na katika miezi hiyo swali lake lilikuwa moja kila asubuhi: miguu mitatu iko wapi? Nilionyesha kwa kidole. Alitikisa kichwa. Nilionyesha tena.

Nilifundisha hesabu miaka mingi. Mtoto akikosea mstari wa tatu na jibu likaharibika mstari wa tisa, mara nyingi nilimsahihishia jibu, kwa sababu darasa lilikuwa na watoto wengi na kengele ilikuwa karibu. Sikumrudisha hadi mahali pa mwisho alipokuwa bado sawa, tukafuta pamoja, tukaanzia hapo. Nawakumbuka baadhi yao kwa nyuso. Chini ya mwembe, na wembe wa mwenzangu ukikata kazi yangu, nilielewa nilichokuwa nikiwafanyia: nilikuwa nakunja kingo.

Fundo lenyewe linataka kuangaliwa kwa karibu. Uzi unashuka mbele ya kibao, unapanda nyuma yake, sindano inatokea ndani ya jicho la juu, na unavuta mpaka ukingo wa jicho ulale juu ya kibao. Hapo gumba la kushoto linabana makutano ya nyuzi, na halitoki. Mkono wa kulia unarusha kitanzi upande wa kushoto, sindano inapita nyuma ya miguu ya jicho, inatokea ndani ya kitanzi, unavuta. Nailoni ikikaza hutoa mlio mdogo, *kri*, na mwenye sikio anajua kwa mlio huo kwamba fundo limeuma. Gumba likiteleza kabla ya mlio, fundo hushuka chini ya ukingo na kuwa kitanzi kinachotembea. Kwa macho linafanana na mengine yote. Shemeji analiita fundo la uongo, na hulitafuta kwa kupitisha kidole juu ya safu nzima akiwa ameangalia ziwani.

Gumba langu huuma wakati wa baridi ya asubuhi. Mke wangu hunipashia mafuta ya mawese, ananisugua huku akinisimulia ya majirani. Miaka arobaini ya ndoa, na sikumbuki kama tuliwahi kukaa hivyo, mkono wangu mkononi mwake nusu saa nzima mchana, kabla ya ziwa kunitafutia ugonjwa huu mdogo.

Jioni wavu huhamia uwanjani kwetu. Mjukuu wetu, binti wa binti yetu aliyeko Lubumbashi, ana miaka kumi na miwili na anasoma hapa. Kazi yake ni kujaza sindano. Anahesabu mizunguko kwa Kifaransa, kama alivyofundishwa shuleni, na akipotea anarudi kwenye Kiswahili. Umeme ukikatika hatunyanyuki. Vidole vinajua njia, na mtoto anajifunza kusikia *kri* gizani, ambako kunasikika vizuri zaidi. Ni katika giza hilo ananiuliza mambo asiyoyauliza mchana: mama yake atakuja lini, mimi niliogopa nini nikiwa mdogo.

Injili inasimulia jinsi Yakobo na Yohana walivyoitwa wakiwa chomboni wanatengeneza nyavu pamoja na baba yao. Wakaacha vyote wakafuata. Nimesikia mahubiri mengi juu ya vijana hao wawili, na ni haki yao. Siku hizi namfikiria Zebedayo. Alibaki chomboni, wavu magotini, tundu likiwa nusu, na ndugu wawili waliokuwa wakishika kingo hawapo. Marko anataja kwamba alikuwa na vibarua, basi hakuachwa peke yake. Watoto wangu watano wako Lubumbashi, Kinshasa na Kigoma, wameitwa na maisha, na sijutii hata mmoja kwenda. Lakini natamani siku moja kusikia mahubiri juu ya mzee yule, jinsi alivyookota sindano tena mchana ule.

Ufundi huu unapungua. Zimeingia nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zinazong'aa kama mshipi wa ndoana. Ni nyepesi, samaki hawazioni, na bei yake inavutia. Ni vigumu kuzishona: fundo huteleza, haliumi vizuri. Zikiraruka hutupwa, nyingine humo humo ziwani, ambako huendelea kunasa samaki wasio na wa kuwatoa. Wengine huunganisha vyandarua vya mbu na kuvikokota ufuoni, vikakusanya vifaranga vya samaki wasiofika hata nusu ya kidole. Najua umaskini unaomfikisha mtu huko, nimeuona mlangoni kwa majirani zangu. Bado ni kosa, na ninalisema mbele ya wanaolifanya.

Shemeji anapomaliza tundu haukati uzi karibu na fundo. Anaacha mkia wa urefu wa kidole. Nilimwuliza sababu, akanijibu kwa habari ya meli. Ng'ambo ya pili, Kigoma, kuna meli ya Liemba. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Vita vilipowaelemea, Julai 1916, waliizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mashine bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Baba yake shemeji alimsimulia hayo, naye hukumbuka ile grisi tu. Mkia wa uzi anauacha kwa ajili ya atakayeshona hapo baadaye, aone wapi mwenzake aliishia.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za ufuoni. Tulihamisha gunia, kisha tukahama wenyewe, na kwa majuma kadhaa tulishonea barazani kwangu, nyavu zimejaa hadi jikoni na mke wangu akiruka kamba za maboya akiwa na sufuria. Maji yaliporudi nyuma tuliukuta mwembe umesimama, shina limepakwa tope hadi usawa wa kiuno.

Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu. Tuliletewa wavu wa kuhe, umechanika vibaya karibu na kamba ya chini, tundu la kumpitisha mtu mzima. Shemeji alikuwa na homa, hakuja. Nilikaa na mjukuu wangu, yeye upande wa mwanga, mimi upande wa kivuli, tukaligeuza tundu kimya kwa muda mrefu. Nilikuwa tayari nimeona pa kuanzia, ila sikusema.

“Nkambo,” alisema hatimaye, kidole kimegusa fundo la juu kabisa, kushoto kidogo kwa nilipokuwa natazama mimi. “Hapa mitatu.”

Nikatazama pake, nikatazama pangu. Pangu palikuwa na mguu mmoja uliokwisha kulika, unashikiliwa na nyuzi mbili za nailoni. Nikafungua mfuko wa shati, nikafungua karatasi, nikampa wembe.