Machozi Bila Mkalimani: Muziki wa Filamu na Hisia za Mtazamaji wa Pwani

Katika miaka ya 1950 na 1960, majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam yalijaa watu waliokuja kutazama filamu za Kihindi. Wengi wa watazamaji hao hawakujua Kihindi wala Kiurdu. Hata hivyo walitoka ukumbini wakifuta machozi, na haukupita muda mrefu mahadhi ya filamu yakawa yanaimbwa mitaani. Habari hii imezoeleka mno katika masimulizi ya pwani hata imekosa kushangaza. Kwa mhakiki wa sanaa, inastahili kushangaza: mtu hulizwaje na maneno asiyoyaelewa?

Jibu la haraka ni kwamba muziki ni lugha ya walimwengu wote. Jibu hilo linapendeza masikioni lakini halielezi kitu. Lau lingekuwa kweli, kila aliyesikia wimbo uleule angehisi jambo lilelile, na historia ya nyimbo za filamu katika pwani inaonyesha kinyume. Mahadhi yaliyotungwa Bombay kwa ajili ya wapenzi waliotenganishwa yaliweza kubeba shairi la Kiswahili la kumkanya rafiki mwenye hiana, na wasikilizaji wakatikisika vilevile. Hoja ya makala hii ni kwamba muziki wa filamu haumletei mtazamaji hisia iliyokamilika. Humletea umbo la hisia. Picha, kisa na maisha ya mtazamaji mwenyewe ndivyo vinavyolipa umbo hilo mtu wa kumlilia.

Eduard Hanslick, mhakiki wa muziki wa Vienna, alilikaribia suala hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1854 alidai kwamba muziki peke yake hauwezi kuonyesha hisia mahususi. Mapenzi hayafikiriki bila mpendwa, wala tumaini bila kinachotumainiwa, na sauti za ala hazina uwezo wa kuvitaja viwili hivyo. Kilicho ndani ya uwezo wa muziki ni mwendo wa hisia: kwenda mbio na kulegea, kupanda na kushuka, kukaza na kuachia. Hanslick alikuwa akiutetea muziki usiotegemea maneno. Alipoandika hayo hakujua kwamba baada ya miongo minne ingezuka sanaa ya picha zinazotembea, ambayo ingelijaza pengo alilolionyesha. Muziki unatoa mwendo, picha inamtaja mhusika.

Wanasaikolojia nao wameupima mgawanyo huo wa kazi. Mwaka 1988 Sandra Marshall na Annabel Cohen waliitumia filamu fupi ya Heider na Simmel ya miaka ya 1940, ambamo pembetatu mbili na duara moja vinazunguka na kufukuzana. Waliwaonyesha watu filamu hiyo ikiambatana na vipande tofauti vya muziki, wakakuta kwamba muziki ulibadilisha namna watu walivyozihukumu tabia za maumbo hayo. Pembetatu haina uso wala nia. Ikipewa mwendo na sauti, mtazamaji huitungia tabia, kisha akaichukia au kuihurumia.

Sinema ya Marekani imeitumia nguvu hii zaidi kwa njia ya kificho, muziki ukipita chini ya kisa bila kujitangaza. Alfred Hitchcock alikusudia tukio la mauaji ya bafuni katika Psycho (1960) lisiwe na muziki. Bernard Herrmann akalitungia muziki wa ala za nyuzi hata hivyo, na Hitchcock alipousikia akaghairi. Katika Jaws (1975), noti mbili za John Williams zinazorudiwarudiwa ndizo zinazosimama mahali pa papa kwa muda mrefu kabla hajaonekana waziwazi. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, noti hizo hazisikiki. Mtazamaji asikiaye vizuri anajua asilolijua aliyemo majini. Baadaye, akiisha kumzoesha mtazamaji kuuamini muziki, Steven Spielberg anamzusha papa kutoka majini bila onyo la noti hata moja. Khofu hiyo ni kali kwa sababu imani imevunjwa.

Filamu ya Kihindi ilishika njia nyingine. Tangu Alam Ara ya mwaka 1931, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, iliyokuwa na nyimbo saba, wimbo haukujificha nyuma ya kisa. Kisa husimama, wimbo ukaingia, na hisia moja ikapewa dakika kadhaa za kugeuzwageuzwa kama kito mkononi mwa sonara. Mila hii ina mizizi mirefu. Natyashastra, maandishi ya kale ya Kisanskriti kuhusu tamthilia, huiita hisia ya kisanaa rasa, neno linalobeba maana ya utomvu na ladha. Mtazamaji huionja hisia hiyo bila ya kuwa imempata yeye. Anayeionja huzuni ya jukwaani hakufiwa, na kwa sababu hiyo anaweza kuionja hadi mwisho.

Hata sauti yenyewe katika filamu hizo imetenganishwa na mwili. Mwigizaji hufumbua midomo mbele ya kamera, na mwimbaji mwingine huwa amekwisha kuimba studioni. Katika Mughal-e-Azam (1960) ya K. Asif, Anarkali, mchezaji ngoma wa ikulu, anatangaza mapenzi yake kwa mwana wa mfalme mbele ya Mfalme Akbar mwenyewe. Uso ni wa Madhubala, sauti ni ya Lata Mangeshkar, muziki ni wa Naushad. Filamu hiyo ilipotoka ilikuwa kwa sehemu kubwa ya rangi nyeusi na nyeupe, lakini tukio hili liliwekwa rangi kamili, na taswira ya Anarkali ikazagaa katika vioo vya dari. Mfalme anatazama juu, na kila kioo kina mwanamke asiyemwogopa. Asiyejua neno la Kiurdu anauona ushujaa huo kwa macho na kuusikia katika sauti inayopanda bila kutetereka. Watazamaji walijua kwamba mwimbaji si yule wamwonaye, na haikuwazuia kitu. Hisia ilikwisha kuachana na mwenyewe, ikawa tayari kuchukuliwa na yeyote.

Awaara (1951) ya Raj Kapoor inatoa ushahidi ulio mgumu zaidi, kwa kuwa humo muziki na kisa havikubaliani. Raj ni kijana aliyekulia katika ufukara kwa sababu baba yake, hakimu, alimfukuza mama yake akiwa mja mzito kwa kumshuku. Wimbo maarufu kuliko wote katika filamu hiyo, uliotungiwa muziki na Shankar na Jaikishan na kuimbwa na Mukesh, ni wa mtu asiye na kwake. Mahadhi yake, lakini, ni machangamfu na mepesi, na Raj anayafuata barabarani kwa kofia na mwendo vinavyomkumbusha mtazamaji Charlie Chaplin. Kwa asiyefahamu maneno, masikio yanapokea furaha huku macho yakipokea ufukara. Hakuna kati ya viwili hivyo kinachomwambia ahisi nini. Analazimika kuitunga mwenyewe hisia ya tatu: ucheshi wa mtu aliyedhulumiwa ambaye hataki kulia mbele za watu. Hisia hiyo haikuwa ngeni pwani. Ilikuwa na watu wake katika kila mtaa.

Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha kwamba watazamaji wa Zanzibar na Tanganyika hawakuzipokea filamu hizi kwa kuduwaa. Walizijadili, wakazipima kwa mizani ya mapenzi, ndoa na wajibu wa mtoto kwa mzazi kama walivyovijua wao. Muziki ulifungua mlango wa mjadala huo, lakini mada zilitoka majumbani mwao.

Kwa mtazamo huu, kazi ya Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, inapata maana mpya. Bhalo alijipatia sifa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na miongoni mwa watunzi wa mashairi hayo alikuwamo Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971). Mara nyingi utunzi wa aina hii umeshutumiwa kuwa ni uigaji, hata uvivu: kwa nini malenga wa Mvita akodi mahadhi ya Bombay ilhali pwani ina yake? Shutuma hiyo si ya kupuuzwa. Watunzi wa Bombay waliumba kitu, na haki ya muumbaji ni haki hata ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo, shutuma hiyo inachukulia kwamba wimbo ni mahadhi tu. Shairi la Kiswahili lina mizani na vina vyake, na halikuandikwa kwa mapigo ya Kihindi. Kulitia katika mahadhi hayo kunadai kukata kipande mahali pafaapo, kuvuta irabu, kurudia neno ili mapigo yatimie bila maana kuvunjika. Neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na irabu ndiyo nyumba ya sauti inayopambwa. Hapo lugha ilimsaidia mwimbaji. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mlengwa wa hisia amebadilishwa. Katika filamu, mahadhi yalimlilia binti wa kwenye kisa. Kwa Bhalo, msikilizaji hupewa fumbo, nasaha au malalamiko, na humtafuta mlengwa miongoni mwa watu anaowajua. Umbo ni lile, kilio ni kingine.

Pwani haikuwa peke yake katika jambo hili. Brian Larkin ameeleza jinsi waimbaji wa bandiri wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, walivyochukua mahadhi ya filamu za Kihindi wakayatilia maneno ya Kihausa ya kumsifu Mtume Muhammad. Mahadhi yaliyotungiwa mahaba ya kidunia yamebeba mapenzi ya kidini, na wenye kuyaimba wanayahisi kwa dhati. Lau hisia yote ingekuwa imefungwa ndani ya mahadhi, jambo hilo lisingewezekana bila kufuru. Limewezekana kwa kuwa mahadhi hubeba shauku, na shauku huelekezwa anakokutaka mwenye kuimba.

Waswahili walikwisha kulijua jambo hili kwa jina. Taarab limetokana na neno la Kiarabu tarab, ambalo maana yake ni kule kutikiswa na muziki, kupandwa na furaha au huzuni hadi mtu asijizuie. Ni nadra sanaa kuitwa kwa jina la kinachompata msikilizaji. Jina hilo linamfanya msikilizaji kuwa mshiriki wa kazi: anayeinuka kwenda kutunza, anayeitikia kwa sauti, anayejua shairi limemlenga nani, wote wanaikamilisha nyimbo. Mtazamaji wa Majestic mjini Unguja aliingia sinema akiwa amefunzwa na taarab jinsi ya kusikiliza. Alijua kwamba ni wajibu wake kuutafutia wimbo mahali pa kutua.

Hapa panapatikana pia kipimo cha kuhakiki muziki wa filamu za leo, zikiwamo za Kiswahili. Katika nyingi ya filamu za video za Afrika Mashariki, muziki wa kinanda cha umeme hutandazwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika akilia, kinanda kinalia. Akifikiri, kinanda kinafikiri kwa niaba yake. Kasoro hapo haitokani na uchache wa fedha. Muziki na picha vinasema jambo lilelile kwa wakati uleule, na mtazamaji hakuachiwa kazi yoyote. Hitchcock, aliyeshindwa kwa faida na muziki wa Herrmann, miaka mitatu baadaye alitoa The Birds (1963) bila muziki wa kawaida wa filamu; Herrmann mwenyewe alikuwa mshauri wa sauti. Milio ya ndege na ukimya ndivyo vilivyobaki. Ukimya huo unatisha kwa sababu mtazamaji anaujaza mwenyewe. Mtengenezaji wa filamu anayeogopa ukimya humwogopa mtazamaji wake, au humdharau.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Waswahili walioko Muscat, Dubai, London au Toronto. Mahadhi ya filamu za kale huwafikia kwenye simu zao yakiwa yameachana na ukumbi, na mara nyingi yameachana na filamu yenyewe. Vijana waliozaliwa ugenini huyasikia kwa wazazi wao bila kujua Kihindi, na pengine wakiwa na Kiswahili kichache. Ni rahisi kusema kwamba kinachowagusa wazazi hao ni kumbukumbu tu, na kwamba itakufa nao. Historia iliyoelezwa hapa haikubaliani na hukumu hiyo. Watazamaji wa miaka ya 1950 nao waliyapokea mahadhi ya Awaara yakiwa yamekatwa na lugha yake, wakayapa makazi mapya kwa maneno yao na watu wao. Mahadhi ya Juma Bhalo yakimfikia kijana wa Muscat asiyeyajua mafumbo yake, yanamkuta mahali palepale babu yake aliposimama. Kama atayatilia maneno, na kwa lugha gani, ni kazi yake yeye na watunzi wa rika lake.