Msimulizi wa Kibanda na Picha za Kijapani

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kufunga safari kwenda pwani kutafuta miswada ya tenzi. Ni nadra mno aende kwenye kibanda cha video. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Ujiji, nilipita mbele ya vibanda hivyo miaka mingi nisiingie, maana wazazi wetu walivihesabu kuwa mahali pa wahuni, na baadaye usomi ukanipa sababu nyingine ya kutokuingia. Likizo iliyopita niliingia. Nilifuata mabishano.

Mabishano hayo niliyakuta Mwanga, mjini Kigoma, penye kibaraza cha fundi simu, baina ya vijana wapatao kumi wapendao katuni za Kijapani, ambazo wao, kama walimwengu wote, huziita anime. Walikuwa wakijadili iwapo ingefaa pawepo chaneli ya televisheni ya anime tupu, na kama ikiwepo iseme lugha gani. Aliyewazidi umri alikumbusha kwamba jambo hilo limekwisha kuwako: Animax, chaneli ya kampuni ya Sony, iliyoanza Japani mwaka 1998, ilitangaza Afrika kwa njia ya DStv tangu 2007 hata ikafungwa 2010. Lakini iliingia katika nyumba chache sana, tena kwa Kiingereza. Kwa mtoto wa Kibirizi au Katonga ilikuwa kana kwamba haikuwako.

Wengi wa vijana hao wamezipata picha hizo kwa simu, katika Kijapani chake cha asili, na maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Hao walitaka chaneli iwe hivyo hivyo, wala wasisikie habari ya Kiswahili. Walisema kwamba kumtia Naruto sauti ya Mswahili ni kumharibu. Wengine wakajibu kwamba wadogo zao hawawezi kusoma Kiingereza kikimbiacho, na kwamba wao wenyewe waliyapenda mambo haya kibandani, kwa mdomo wa msimulizi. Nikadhani nimeusikia ubishi wetu wa siku zote, wa lugha ya shule na lugha ya nyumbani, na nilikuwa karibu kuondoka. Ndipo binti mmoja, mwanafunzi wa kidato cha nne, aliposema neno lililonikalisha tena. Alisema kwamba maandishi ya Kiingereza yanadanganya. Masikio yake yanamsikia Sasuke akisema niisan, yaani kaka, na macho yake yanasoma Itachi, jina tupu. Nani kwetu, akauliza, amwite kaka yake mkubwa kwa jina tupu, hata kama amekusudia kumwua?

Nimefundisha tafsiri kwa miaka kadhaa, na sijapata kusikia hoja iliyokata hivyo kwa maneno machache. Yafaa tuifuate mpaka mwisho wake.

Kijapani ni lugha ya heshima na udugu. Mtu hutajwa kwa cheo chake mbele ya msemaji: mwalimu, mkubwa wangu wa shule, kaka, bibi, hata kitenzi hubadilika kwa kadiri ya anayeambiwa. Mfasiri wa Kiingereza aghalabu hana pa kuyaweka haya, akayaacha. Mfasiri wa Kiswahili anapo. Tazama salamu ndogo ndogo za kila siku, ambazo ndizo zimvunjazo nguvu mfasiri kuliko mahubiri marefu. Mjapani aingiapo nyumbani kwake husema tadaima, na waliomo humjibu okaeri. Sisi tuna hodi na karibu, ambazo si tafsiri ya neno kwa neno, lakini ni jozi kama ile, na mlango uleule. Amwonapo mwenzake ametoka kazini humwambia otsukaresama. Mwingereza hana la kusema hapo ila kumsifu kwamba amefanya vyema, hali Mswahili husema pole na kazi, na maana imefika nzima bila kuvunjika. Na shikamoo ya mtoto kwa mzee, ambayo Kiingereza hukigeuza kuwa habari za asubuhi, ingewarudishia wanafunzi wa zile hadithi adabu ambayo maandishi ya chini yamewavua.

Kuna na jambo la sauti. Silabi za Kijapani, nyingi sana, huishia kwa vokali kama zetu, na kwa hiyo majina kama Sakura, Hinata na Naruto hukaa katika kinywa cha mtoto wa Ujiji kama majina ya jirani. Mwenye kutia sauti za Kiswahili katika picha ya Kijapani anao midomo ifungukayo na kufungwa kwa mwendo unaokaribiana na wa maneno yake mwenyewe. Sisemi kwamba lugha hizi ni ndugu; hazina udugu wowote. Nasema tu kwamba tumezoea kupokea mambo ya Mashariki ya Mbali kupitia dirisha la Kiingereza, hata tukasahau kuwa ukuta unao mlango.

Na ufuko huu wetu una ushahidi wa mlango huo. Mwaka 1965, miaka mitano baada ya Jane Goodall kufika Gombe, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwachunguza sokwe wa milima ya Mahale, kusini ya Kigoma, katika nchi ya Watongwe. Milima hiyo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Wajapani hao na Watongwe waliofanya nao kazi walielewana kwa Kiswahili. Huko Japani kwenyewe Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili. Kwa hiyo asemaye kwamba hatuna budi kufasiri Kijapani kutoka katika Kiingereza, kwa kuwa hapana njia nyingine, hajatazama ramani ya mkoa wake.

Sasa nirudi kibandani, maana huko ndiko kazi ya tafsiri imekwisha kuanza bila kungoja ruhusa yetu.

Msimulizi wa filamu ni mtu wa mijini mwetu tangu miaka ya 1990. Dar es Salaam ilimjua Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezisimulia kwa Kiswahili filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, na kanda zake zikasambaa mikoani; Kenya inaye DJ Afro, na Uganda ina mavijei wake wasemao Kiganda. Huyu niliyemkuta mimi Ujiji hana jina kubwa kama hao. Ana kipaza sauti, spika mbili na mabenchi ya mbao, na hukaa kando ya televisheni, si nyuma yake. Hadhira yake huongezeka na kupungua kwa mwezi: giza liingiapo wavuvi huenda ziwani kwa taa kuvua dagaa, na mbalamwezi iangazapo hulala nchi kavu, ndipo kibanda hujaa. Vijana wa shule huja siku yoyote, ila lugha ya msimulizi hubadilika waingiapo wavuvi.

Wapo watakaosema kwamba kumweka mtu kando ya picha ili aisimulie ni ushamba wa watu wasio na senema za maana. Hao hawaijui historia ya Wajapani wenyewe. Katika zama za filamu bubu, kila ukumbi wa Japani ulikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi. Alisimama kando ya pazia, akawasemea waume, wake na watoto, akaeleza desturi za Ulaya kwa watu wasiozijua, na watazamaji wengi walilipa kiingilio kwa ajili ya sauti yake kuliko kwa ajili ya picha. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930 kazi hiyo ikafa. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa benshi; alijiua mwaka 1933. Walikuwako pia wasimulizi wa barabarani, wenye picha za karatasi ndani ya kisanduku cha mbao juu ya baisikeli, waliowauzia watoto peremende na kisha kuwahadithia. Baadhi ya wachoraji wa picha zile ndio waliokuja kuchora vitabu ambavyo anime imetokana navyo. Kibanda cha Ujiji, basi, kimewarudishia Wajapani kitu walichokipoteza, na mwenye kibanda hana habari.

Kazi yake nzuri niliiona usiku ule alipoonyesha ile filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001, ya binti Chihiro aliyeingia katika nyumba ya kuogea ya miungu. Bibi mchawi, mwenye nyumba, humnyang'anya mtoto jina lake, akamwachia kipande chake tu, Sen. Na mwenye kulisahau jina lake la kwanza hawezi tena kurudi kwao. Msimulizi alipofika hapo alishusha sauti. Aliwaambia watu kwamba hapa petu pia paliletwa watu kutoka ng'ambo ya ziwa, wakapewa majina mengine, na kwamba wapo waliokufa chini ya miembe hii bila mtu wa kuwaita kwa jina walilopewa na mama zao. Hakusema zaidi; akarudi kwenye picha. Kibanda kilinyamaza. Nusu ya waliokaa pale ni wajukuu wa Wamanyema, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Maneno hayo hayamo katika filamu. Lakini nimesoma makala nyingi juu ya filamu hiyo, na sikumbuki moja iliyoyafikia.

Kazi yake mbaya niliiona katika filamu hiyo hiyo, baadaye. Chihiro amepanda gari moshi lipitalo juu ya maji. Ameketi pamoja na yule kiumbe asiye na uso, abiria ni vivuli, na hapana asemaye. Kimya hicho ndicho kitovu cha filamu. Msimulizi wetu hakukivumilia. Akaanza kutangaza stesheni za Reli ya Kati, Kazuramimba, Uvinza, Kaliua, Tabora, akacheka, na watu wakacheka pamoja naye, maana mtu wa Kigoma ajua vizuri gari moshi liishialo penye maji. Mzaha ulikuwa na akili. Ila mahali hapakuwa pake. Nilimweleza baadaye. Alinijibu, kwa adabu zote, Mwalimu, nikinyamaza wanadhani umeme umekatika. Nikakosa la kumrudishia, kwa kuwa kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa mitambo ya dizeli na jibu lake lilikuwa na historia ndani yake. Lakini bado nasema alikosa. Msimulizi wa hadithi wa zamani alijua kutua. Bibi yangu alikuwa akiacha kusimulia kwa makusudi, akachochea moto, nasi tukaogopa zaidi.

Je, chaneli ingeweza kumwokoa au ingemwua? Nadhani ingemwua, kama ile sauti ya filamu ilivyomwua benshi, na sioni haya kusema kwamba sehemu ya hasara hiyo itabidi tuikubali. Watoto wana haki ya kusikia kimya cha lile gari moshi. Tena kanda za kibandani hazimlipi mchoraji wa Tokyo senti moja, jambo ambalo mwalimu wa chuo hawezi kulipita kama hakuliona. Lakini ikiwa chaneli yenyewe itakuwa ya Kiingereza, tutakuwa tumempoteza msimulizi bila kupata kitu mahali pake.

Na ikiwa ya Kiswahili, ni Kiswahili gani? Waarabu wametutangulia katika swali hili. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 waliifasiri Grendizer, na baadaye ile ya mchezaji mpira Tsubasa, waliyemwita Kapteni Majid, kwa Kiarabu fasaha. Na chaneli ya Spacetoon, iliyoanza mwaka 2000, ikaendelea na desturi hiyo. Watoto wa Oman, wakiwamo wale ambao nyumbani husema Kiswahili, waliokota fasaha yao mbele ya katuni za Kijapani kabla ya kuipata shuleni. Huo ni mfano wenye nguvu kwa wapenda Kiswahili sanifu, nami ni mmoja wao. Hata hivyo nakumbuka tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa na TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili: lugha yake ilikuwa safi kama maji ya mvua, na kwa masikio yangu ilikosa chumvi kama maji hayo hayo. Usanifu haujatosha. Hatuna budi kuwa na mfasiri ajuaye kwamba mzee, mtoto, jambazi na mwalimu hawasemi Kiswahili kimoja, hata kama vyote ni sanifu.

Vijana wa Mwanga waliligusa jambo hili walipofika kwenye One Piece, hadithi ya Eiichiro Oda iliyoanza mwaka 1997, ya nahodha Luffy na maharamia wake. Luffy huwaita wenzake nakama. Wenzangu, alisema mmoja. Wakamzomea, kwamba wenzangu ni hata watu wa foleni ya maji. Ndugu zangu, akasema mwingine. Lakini ndugu hawachaguliwi, na nakama huchaguliwa. Msimulizi wa Ujiji, nikawaambia, husema wanangu. Wakacheka, kisha wakalifikiri. Kijana mmoja, ambaye baba yake ana mtumbwi Katonga, akasema kwamba wanangu ni neno la vijiweni, mtu aweza kulisema asubuhi na jioni akamwibia huyo huyo. Watu waliokuwa pamoja ziwani usiku wa dhoruba, yeye amewasikia wakiitana vingine. Tukamwuliza wanaitanaje. Akasema atakwenda kumwuliza baba yake, mwezi ukishapevuka.