Nyumba ya zamani Galu: funua shimo wakati wa bamvua

Kaskazini mwa Marekani, anayenunua nyumba ya zamani humwita fundi mwenye kifaa cha kutambua chuma atafute tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto lililosahaulika ardhini. Huku Galu, pwani ya Kwale, hatuna haja ya joto. Kilichozikwa hapa ni shimo la maji taka, na jirani yake ni kisima. Upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi Kwale utakuonyesha mwenye ploti na kama imewekwa rehani. Hautakuonyesha shimo liko wapi, wala kama lina sakafu.

Sakafu ndiyo kiini cha jambo. Tangi la septiki lililojengwa sawasawa huacha tope litue chini na mafuta yaelee juu, kisha maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonya. Kwenye nyumba kongwe unaweza kufunua ukakuta kuta za mawe ya matumbawe na chini mwamba mtupu. Muuzaji akisifu kwamba shimo halijajaa tangu nyumba ijengwe, mimi hapo ndipo ninapoingiwa na hofu: huenda maji taka yanatorokea mwambani. Mwamba wetu una nyufa na mapango. Hauchuji maji kama mchanga unavyochuja. Na chini yake kuna maji matamu machache tu, yanayoelea juu ya maji ya chumvi.

Kulitafuta shimo, anzia ukuta wa choo ufuate bomba, fundi akichomeka nondo ardhini hadi isikike sauti ya uwazi. Muulize pia mzee aliyelinda ploti miaka mingi: lori la kunyonya husimama wapi, kama limewahi kuja? Mkiufikia mfuniko, msiukanyage. Zege la mchanga wa ufuoni lina chumvi, nondo zake huliwa na kutu pasipoonekana. Wala asishuke mtu ndani. Hewa ya humo huua, na anayeshuka kuokoa hufa pia.

Sasa kipimo chenyewe. Wanunuzi wengi huja wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu, wakaangalia mara moja wakaondoka. Subiri bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Fungeni mifereji yote, tieni mti shimoni, mtie alama ya chaki maji yakipwa na yakijaa. Rudieni kila saa, kwani maji ya ardhini huchelewa nyuma ya bahari. Kimo kikipanda bila mtu kutumia choo, maji ya ardhini yanaingia. Na yanayoingia bahari ikijaa hutoka ikipwa, yamebeba uchafu. Wakati wa maji mafu huenda usione kitu.

Kisha chota maji ya kisima kwa chupa safi ya maabara, yafike siku hiyo hiyo yakiwa kwenye barafu. Kwa maji ya kunywa, katika mililita 100 asipatikane kidudu hata kimoja cha E. coli, na naitreti zisipite miligramu 50 kwa lita. Umbali wa mita 30 kati ya shimo na kisima ndio unaotajwa kwa kawaida, lakini kwenye mwamba wenye nyufa hautoshi. Pima pia hadi shimo la jirani, nyuma ya ukuta.

Majibu yaje kabla hujatoa malipo ya awali ya asilimia 10. Shimo likiwa halina sakafu, fundi aandike gharama ya tangi jipya, zikatwe kwenye bei, na mkataba useme nani atalinyonya lile la zamani na kulifukia.