Historia ya Wapare na Maji ya Ndiva

Kitabu cha Isaria Kimambo juu ya historia ya siasa ya Wapare, kilichotolewa mwaka 1969, kiliyapokea masimulizi ya wazee kuwa ushahidi, si ngano za jioni. Kwa hilo mwandishi astahili heshima. Lakini siasa humvuta mwanahistoria upande wa watawala. Habari za Ugweno, jinsi Wasuya walivyowapokonya Washana wahunzi utawala, zasomeka kwa utamu. Ila msomaji wa Mhezi, huko Upare Kusini, atataka zaidi habari za ndiva, yale mabwawa yanayojaa maji usiku na kufunguliwa mchana kumwagilia mashamba. Nani aliyachimba? Nani alipewa zamu, nani akanyimwa? Huo nao ulikuwa utawala, na mgawa maji alistahili kuhojiwa sawa na mjukuu wa mfumwa.