Cheni ya Taimingi: Kazi Nzuri Hujulikana Kabla Kava Halijafungwa

Barabara ya Bukoba kwenda Muleba, takriban kilomita 70, ina magari yake: IST, Probox, Premio, Allion, Vitz, Noah. Mengi ni Toyota za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilizotumika Japani kwanza ndipo zikaja kwetu kupakia watu, ndizi na kahawa. Injini ya 1NZ-FE iliyoanza kutengenezwa 1999, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Probox na IST nyingi, inatumia cheni ya taimingi. Vilevile 1ZZ-FE ya Premio za cc 1,800 na 1AZ-FSE ya Noah zilizoanza kutoka 2001. Waliotangulia kumiliki Corolla 110 na Carina zenye injini ya 5A walizoea kubadili mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000. Hawa wa cheni waliambiwa kwamba cheni ni ya maisha. Maisha ya nani, hawakuuliza.

Gari lililotoka kiwandani 2003 sasa lina zaidi ya miaka 20, na kilomita zake halisi mara nyingi hazijulikani. Cheni yake imefikia umri wa kukaguliwa. Shida ni kwamba kazi hii, tofauti na kupaka rangi au kushona viti, hufichwa mara inapokamilika. Kava la taimingi likishafungwa, kazi safi na kazi ya kulipua zinafanana: zote zinawaka, zote zinatulia, zote zinalipwa. Tofauti hujitokeza baadaye, pengine gari likiwa limejaa likipanda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu. Kwa hiyo mwenye gari hana budi kujua vitu vya kutazama wakati injini bado iko wazi.

Anza na utambuzi wa tatizo

Cheni iliyochoka husikika zaidi asubuhi. Injini iliyolala usiku kucha huwaka na mlio wa kuchakacha upande wa mikanda, kwa sekunde moja au mbili, kisha hunyamaza. Sababu ni kwamba tenshena, kile kipistoni kidogo kinachoikaza cheni, husukumwa na spring pamoja na presha ya oili. Gari likilala, oili hushuka kwenye sampu. Likiwashwa, cheni iliyolegea hucheza mpaka oili ifike. Mlio ukirefuka na kuendelea hata injini ikiwa ya moto, muda wa kusubiri umekwisha.

Fundi wa kweli hakimbilii kusema “cheni hiyo.” Kwanza huchomoa dipstiki. Oili ikiwa imepungua au nyeusi nzito kama lami, humwaga, hubadilisha na filta, kisha husikiliza upya. Hulegeza feni belti na kuwasha injini kwa muda mfupi ili ajue kama kelele si ya alteneta au ya puli. Halafu huweka mashine ya kusoma makosa. Namba P0016, au P1346 kwenye baadhi ya Toyota za zamani zaidi, inasema kwamba mkao wa kamshafti na krenki haulingani, na hapo cheni inashukiwa kwa haki. P0011 inahusu VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, na mara nyingi chanzo ni valvu ya oili iliyoziba uchafu, kitu cha kufungua na kusafisha kwa gharama ndogo. Fundi anayekuuzia seti nzima ya cheni kabla ya kuigusa valvu hiyo anakuuzia bahati nasibu.

Ujue pia kwa nini cheni hurefuka. Chuma chake hakivutiki. Pini zake ndogo husagika ndani ya vibushi vyake, kidogo kidogo. Chukua cheni yenye viungo 120: kila kiungo kikilika sehemu moja ya mia ya milimita, cheni nzima imerefuka milimita 1.2. Kinachosaga ni oili chafu. Injini ya 1NZ-FE inachukua takriban lita 3.7 tu ukibadili na filta, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachobeba moshi, vumbi na joto la safari zote. Anayeongezea oili juu ya oili kuukuu mwaka mzima anainunua cheni mpya bila kujua.

Spea: tazama punje, usitazame gunia

Spea za Kagera hufika kwa njia nyingi: Mwanza, Gerezani pale Kariakoo, na kwa wengine Kampala, kwenye soko la Kisekka, kupitia Mutukula. Kote huko vya kiwandani na feki hukaa rafu moja, na boksi lenye nembo ya Toyota huchapishwa popote. Mnunuzi wa kahawa anayeijua kazi yake hufungua gunia akatazama punje. Nawe fungua boksi.

Cheni nzuri ina mashavu yaliyokatwa kwa usawa, kingo safi, na vichwa vya pini vinavyofanana kimoja baada ya kingine. Ishike mlalo, ikiwa imelala ubavu, uiachie upande mmoja: cheni mpya hupinda kidogo kwa ubavu, iliyochoka huning'inia. Viungo vya rangi viwepo, kwa kawaida vitatu kwenye injini hizi, viwili vya kamshafti na kimoja cha krenki. Kisha itundike kwenye msumari mmoja pamoja na cheni kuukuu. Zikining'inia, tofauti ya urefu itakuonyesha kama kuibadilisha kulikuwa na sababu. Na kama mpya ndiyo ndefu, irudishe dukani.

Tenshena ibonyeze kwa kidole. Kipistoni kitoke laini bila kukwama, na meno yake ya kuzuia yasikiruhusu kurudi ndani mpaka ufungue loki. Vibao vya plastiki vinavyoiongoza cheni viwe laini, bila mabaki makali ya kalibu.

Seti kamili si cheni peke yake. Ni cheni, tenshena, vibao, gia ya krenki, sili ya mafuta ya krenki, gasketi ya kava la valvu na oringi zake. Gia kuukuu yenye meno yaliyochongoka huila cheni mpya mapema, kwa sababu hatua za meno yake hazilingani tena na za viungo. Gia ya VVT-i ni ghali, hivyo hukaguliwa kwanza: ikiwa haichezi, inajiloki vizuri na meno yake ni mazima, inabaki. Majina kama Aisin na Tsubakimoto ni ya viwanda vya Japani vyenye sifa katika sehemu hizi. Tafuta hayo ukikosa ya Toyota yenyewe. Cheni iliyotolewa kwenye injini iliyokufa usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Hujui iliishi kwenye oili gani.

Injini ikiwa wazi

Hapa ndipo pa kusimama karibu. Injini hizi huegemea kwenye mauntini ya kulia ambayo lazima itolewe, kwa hiyo jeki iwe chini ya sampu na kipande cha mbao katikati, la sivyo sampu inabonyea na kuukaribia mdomo wa kunyonyea oili. Bolti za kava zina urefu tofauti. Fundi makini huzichomeka kwenye kadibodi aliyoichora umbo la kava, kila moja mahali pake. Ukiona zote zimemwagwa kwenye kopo moja la rangi, tarajia bolti ndefu kulazimishwa kwenye tundu fupi, na tundu la aluminiamu kupasuka.

Kibao kuukuu kikitoka, fundi anayejivunia kazi yake atakuita. “Mzee, pitisha kucha hapa.” Utaikuta mifereji miwili sambamba iliyochimbwa na cheni, na ukucha unazama. Atakuonyesha tenshena iliyotoka karibu yote nje, maana yake ilikuwa imefika mwisho wa kukaza. Huo ndio ushahidi unaoulipia. Akikuambia vikuukuu vimeshatupwa, una haki ya kutilia shaka kama vilitoka.

Kisha alama. Krenki na kamshafti zote mbili zina nukta zake, na kila kiungo cha rangi hukaa juu ya nukta yake. Mwombe apige picha kwa simu kabla ya kuendelea. Baada ya kuachia tenshena, azungushe krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili kuelekea upande injini inakozungukia. Kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, hivyo nukta za gia lazima zirudi mahali pake. Viungo vya rangi havitarudi pamoja nazo, kwa kuwa cheni ina hesabu yake. Huu ni mtihani mzuri wa kumpima fundi: asiyejua ataona viungo vya rangi vimepotea, ahamaki, afungue aanze upya. Anayejua hutazama nukta na kuendelea.

Mzunguko huo wa mkono hauna mbadala. Katika injini hizi valvu na pistoni hupishana kwa nafasi ndogo. Meno machache yakikosewa, valvu zinapinda. Mkono ukigusa kizuizi unasimama na hakuna kilichovunjika. Starta haijui kusimama. Kwenye 1ZZ-FE kuna jambo la ziada: tenshena hufungwa ikiwa imelokiwa na ndoano yake, na ndoano hiyo lazima iachiliwe kwa kurudisha krenki nyuma kidogo. Ikisahaulika, cheni mpya italia kuliko ile kuukuu.

Silikoni na bolti

Wengi wetu hudhani silikoni nyingi ndiyo usalama. Uzi wa milimita tatu au nne ndani ya mkondo wake unatosha. Ukiona silikoni imefura nje ya kava kama povu, nyingine kama hiyo imefura ndani. Hiyo ya ndani hukatika, huelea kwenye oili, huziba wavu wa kunyonyea, na injini hunoki kwa kukosa oili huku cheni ikiwa mpya kabisa. Uso wa kava na wa injini ufutwe mafuta mpaka ukauke. Maelekezo ya Toyota ni kufunga kava ndani ya dakika 3 baada ya kupaka, na kutotia oili kwa saa 2. Fundi anayekuambia subiri ndiye wa kumwongezea.

Bolti ya puli ya krenki hukazwa kwa spana yenye kipimo: nyutonimita 128 kwa 1NZ-FE, 138 kwa 1ZZ-FE. Kukaza kwa mazoea ya mkono au kwa mashine ya upepo ni kubahatisha.

Baada ya kufunga

Oili mpya na filta mpya, bila mjadala. Injini ipigwe starta kwanza bila kuwaka, fyuzi ya pampu ya petroli ikiwa imetolewa, mpaka taa ya oili izime. Kelele ya sekunde chache za mwanzo inavumilika, kwani tenshena inajaa. Mashine ya kusoma makosa iwekwe tena, makosa yafutwe na yasirudi. Kisha gari lipande mlima likiwa na uzito, maana tambarare ya mjini haiulizi swali lolote.

Malipo ya mwisho yasubiri asubuhi ya pili. Nenda mwenyewe, washa injini ya baridi, sikiliza. Ingiza karatasi nyeupe chini ya gari usiku wa kuamkia asubuhi hiyo. Asubuhi isiwe na tone. Chukua cheni kuukuu, vibao na tenshena, na karatasi yenye tarehe, kilomita na sehemu zilizobadilishwa. Baada ya hapo badili oili kila kilomita 5,000, hasa kwa gari la abiria.

Ukilazimika kuchagua kati ya fundi wa bei nafuu anayekuambia urudi jioni na yule wa bei juu anayekuambia ukae uone, kaa uone. Kufungua kava mara ya pili hugharimu siku, silikoni na sili nyingine. Valvu zikipinda, hugharimu silinda hedi. Kazi ya cheni ambayo fundi hakubali kuionyesha haistahili kulipiwa.